Meya wa Bukavu: nani anamuweka, na anajibu kwa nani?

Kila mvua ikibomoa nyumba ku Kadutu, watu wanauliza: meya iko wapi? Ulizo hilo ni la haki. Lakini kuna lingine linalotangulia: meya mwenyewe aliwekwa na nani? Maana yule aliyekuweka njo anaweza kukutosha.

Wakati wa Wabelgiji, dekreti ya tarehe 26 Machi 1957 ilipanga uongozi mpya wa miji. Léopoldville, Élisabethville na Jadotville (leo Kinshasa, Lubumbashi na Likasi) zilipiga kura Disemba 1957. Bukavu ikafuata Disemba 1958. Wanaume peke yao njo walipiga kura, bamama hapana. Komini zikapata bourgmestre wao, lakini juu yao kulikuwa « premier bourgmestre », Mzungu aliyewekwa na serkali ya ukoloni. Raia alichagua chini; juu hakuulizwa.

Wakati wa Mobutu majina yakageuka. Meya akaitwa commissaire urbain, komini zikaitwa zone. Commissaire huyo alikuwa pia mkubwa wa chama MPR mjini: mtu mmoja, kofia mbili, na zote zilitoka Kinshasa. AFDL walipoingia mwaka 1997, majina ya meya na komini yakarudi. Desturi ya kuwekwa kutoka juu ikabaki vile vile.

Katiba ya 2006 njo iligeuza mambo, walau ku karatasi. Inasema mji na komini vinajiongoza vyenyewe, na baraza lao na makuta yao. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza njia, nayo ni ndefu kidogo. Raia anachagua washauri wa komini. Hao wanachagua bourgmestre, na wanachagua pia washauri wa mji. Washauri wa mji njo wanachagua meya. Kwa hiyo raia hapigii meya kura moja kwa moja, lakini baraza linaweza kumuita aeleze feza ya mji imeenda wapi, na likikosa imani naye anatoka. Meya wa kuwekwa, yeye anaangalia Kinshasa.

Feza yenyewe si kidogo. Katiba inapatia jimbo 40% ya mapato ya taifa yanayotoka kwake, na sheria inapatia miji, komini, sekta na shefferi 40% ya fungu hilo. Ni kusema faranga 16 ku kila 100. Ku karatasi, tena.

Kura ya washauri wa komini ilingojewa mpaka Disemba 2023, na ilifanyika ku komini za makao makuu ya majimbo tu. Ngazi ya kwanza ilipandwa. Ile ya meya haikufuata.

Vita navyo vilileta njia yake. Ku Goma, état de siège ya Mei 2021 ilipatia ofisa wa polisi kiti cha meya. Kisha M23 ikashika Goma Januari 2025, na Bukavu Februari, ikaweka wakubwa wake.

Mama muuza ndagala analipa taksi ya soko na anapewa kipande cha karatasi. Mshauri wa mji, ambaye sheria inamupa haki ya kuuliza vipande vile vimeingiza ngapi, hajachaguliwa bado.