Pengo Ambalo Mashine Hailiachi Wazi

Waundaji wengi wa programu za simu siku hizi hawaanzi na karatasi tupu. Waraka wa mahitaji, ile hati inayoeleza programu itamhudumia nani, itafanya nini na itapimwaje, sasa huandikiwa rasimu na akili mnemba, kisha timu huketi kuipitia. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, kazi ya siku kadhaa imekuwa ya dakika chache.

Tuseme timu moja ya Morogoro mjini inataka programu ya kuwajulisha wakulima wa mboga wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, bei za sokoni kabla hawajapakia mzigo. Inaiagiza mashine kwa sentensi mbili. Waraka unaotoka una sura zote, lugha safi, na hauna pengo hata moja. Sentensi mbili zimezaa kurasa kumi zilizojaa! Yaliyojaza kurasa hizo yametoka wapi?

Mashine ya lugha huandika kwa vipande. Kipande chaweza kuwa neno zima, silabi au herufi chache. Neno kama “watakaolipia” hukatwa mara kadhaa, na mkato haufuati lazima viambishi alivyofundisha mwalimu wa sarufi. Mashine husoma vipande vyote vilivyotangulia, kisha hukipa alama kila kipande kilichomo katika hazina yake, na hazina hiyo ina makumi ya maelfu ya vipande au hata zaidi. Alama hugeuzwa kuwa uwezekano unaojumlika kuwa asilimia 100, kimoja huchaguliwa, huunganishwa mwishoni mwa maandishi, na hesabu nzima huanza upya. Muundo unaowezesha hayo, transfoma, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017: kila kipande hupima ni vipande vipi vya nyuma vinakihusu, hata vilivyo mbali. Ndiyo maana “Mgeta” ya ukurasa wa kwanza inaweza kuvuta “kabichi” katika ukurasa wa tisa.

Uzuri wake, na hatari yake, ni kwamba hesabu hiyo haina nafasi ya kunyamaza. Baada ya “mtumiaji atajisajili kwa”, lazima kitu kifuate. Kama mwagizaji hakusema, hufuata kilichozoeleka katika maandishi ambayo mashine ilifunzwa nayo, na mengi ya hayo ni ya Kiingereza na ya miji ya mbali. Basi itaandika barua pepe na nywila, na malipo yatapitia kadi ya benki.

Ni kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa na kuambiwa ashone suti ya mtu wa Morogoro, bila mtu mwenyewe kufika. Fundi huyo ameshona suti nyingi mno, hivyo mkono wake hausiti. Kifua atakikata kwa kipimo cha wateja wengi, mikono vivyo hivyo, na vifungo vitakaa mahali pake. Bega hawezi kuliacha wazi kwa kuwa hakulipima. Suti isiyo na bega si suti. Mshono ni uleule penye kipimo cha kweli na penye kipimo cha kukisia, na kwa macho tu hutofautishi. Mpaka mwenye suti aivae, ainue mkono, na nguo ibane kwapani.

Huko Uluguru nguo ingebana sehemu nyingi. Waraka utaweka kisanduku cha “mmiliki wa shamba” chenye nafasi ya jina moja, ilhali kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo na hurithiwa upande wa mama. Utaweka kalenda moja ya kupanda, ilhali miteremko ya mashariki inayopokea pepo za Bahari ya Hindi hupata mvua nyingi kuliko ya magharibi. Utadhani kila mkulima ana simu janja, na mwenye kiswaswadu atabaki nje.

Milima hii imewahi kuona waraka wa namna hiyo, ulioandikwa na binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi ulipendeza. Lakini penye udongo wa juu mwembamba, kuchimba ngazi kulifukia rutuba na kuufunua udongo wa chini usioota kitu. Waliojua hilo ndio walioshikishwa majembe. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, katika milima hiyo hiyo, na matuta ya lazima yakaachwa.

Kinyume chake, sharti moja lililotoka shambani linaweza kubadilisha chombo kizima. Programu ya Nuru, ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, hutambua magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu. Picha za kuifunza zilipigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Ilitakiwa ifanye kazi shambani bila intaneti, na kwa sababu hiyo akili yote ilibidi ipunguzwe hadi itoshe ndani ya simu ya kawaida.

Hesabu ya vipande yenyewe inatoa mwanya. Agizo likisema “usilolijua usilijaze, andika: aulizwe mkulima”, maneno hayo mawili ya mwisho nayo hupanda alama na kuanza kuchaguliwa. Mashine itayasahau mahali fulani na takwimu zake zihakikiwe, lakini timu sasa ina orodha ya kupanda nayo Mgeta: simu ya nyumbani hushikwa na nani, nani katika ukoo anaruhusiwa kuandikisha shamba, na malori hupakiwa saa ngapi.