Korongo wa Nottingham Yuko Likoni

Mtu akikuapia kwamba baiskeli yake ni Raleigh ya asili, usimtazame mdomo. Omba spana.

Nayasema haya, msomaji, kwa kuwa niliitwa Likoni niwe shahidi katika mirathi. Marehemu aliacha nyumba, minazi michache na baiskeli nyeusi aliyouzia madafu umri wake wote. Mnunuzi kutoka kisiwani akaigongagonga kwa kidole: "Haina nembo, hii ni ya kuigiza." Akataja bei ya chuma chakavu. Watoto kimya. Mjane akamwita fundi.

Nembo ya Raleigh ni kichwa cha korongo, alama ya ukoo wa Frank Bowden, aliyeikuza kampuni hiyo mjini Nottingham, Uingereza, tangu miaka ya 1880. Lakini nembo ni kibati tu. Hung'olewa hapa ikapachikwa pale. Kisauni nimemwona korongo anang'ara juu ya baiskeli ambayo Nottingham haikuiota hata ndotoni! Hata habu ya Sturmey-Archer, iliyopigwa mhuri wa mwaka, hutoa ushahidi wa gurudumu peke yake, na magurudumu huhama.

Wala si kila iliyotoka India ni ghushi. Huko Asansol, miaka ya 1950, kiwanda cha Sen-Raleigh kiliunda baiskeli kwa ubia na Waingereza. Na hiyo tuitayo blackmamba, ya Kihindi au ya Kichina, ni chuma cha heshima kilichobeba mikate na mitungi ya maji toka Changamwe hadi Mtongwe. Ghushi ni ile inayojiita isivyo.

Fundi akatazama mabega ya uma wa mbele: vikombe viwili vya kung'ara, mfano wa subana ya mshoni. "Dalili njema," akasema, "lakini hivi huigwa." Akakwaruza rangi mbele ya fremu, yakatokea matundu mawili, moja juu na moja chini, pale nembo ilipokuwa. Ndipo akafungua vikombe vya mhimili wa pedali na kuweka kipimo cha hesi: nyuzi 26 kwa inchi. Raleigh ilishikilia kipimo hicho chake yenyewe, ilhali kawaida ya Waingereza wengine ni 24. Muigaji hunakili kwanza kinachoonekana. Hesi imefichwa kwenye grisi.

Wajuzi wa baiskeli za mashindano za Kitaliano nao hupapasa papo hapo: bomba lao hilo la chini lina upana wa milimita 70, na hesi zake hufungwa kwa kulia pande zote mbili, la kawaida la Kiingereza ni 68, na upande wa mnyororo hufungwa kwa kushoto.

Kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002, kwa hivyo thumni ya mjane (nasema fungu lake la mirathi, si sarafu) haikuwa jambo la kuchezewa.

Mnunuzi akakohoa, akaongeza bei. Mjane akamwambia amlipe fundi kwanza.