Istilahi za Takwimu za Vifo: Uzee, Demensia na Ugonjwa wa Alzheimer

Miongoni mwa maneno yanayomtatiza mfasiri wa nyaraka za afya ni majina ya maradhi yanayodhoofisha akili za wazee. Tatizo hili si la lugha peke yake. Takwimu za vifo hutokana na yale yaliyoandikwa katika hati, na kinachoandikwa hutegemea neno alilo nalo mwandishi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2021 ugonjwa wa Alzheimer pamoja na aina nyingine za demensia ulishika nafasi ya saba kati ya visababishi vikuu vya vifo duniani. Watu wapatao milioni 1.8 walikufa, na asilimia 68 kati yao walikuwa wanawake. Vifo hivi vimeongezeka kwa kuwa watu wanaishi miaka mingi zaidi. Lakini uainishaji nao una nafasi yake. Huko Uingereza na Wales, utaratibu wa kuainisha visababishi vya vifo ulipobadilishwa mwaka 2011 na tena mwaka 2014, vifo vilivyohesabiwa chini ya demensia viliongezeka kwa sababu ya mabadiliko hayo yenyewe.

Sasa na tutazame kwetu. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, wakazi wa Mkoa wa Kigoma waliongezeka kutoka 2,127,930 hadi 2,470,967. Tuchukue mfano wa kubuni wa bibi mmoja wa Simbo, katika Wilaya ya Kigoma. Kwa miaka kadhaa amekuwa akipotea njia ya kwake na kutowatambua wajukuu. Mwishowe anashindwa kumeza vizuri, chakula kinampalia na kuingia mapafuni, anapata nimonia na kufariki. Akifia nyumbani, jamaa watamwambia mtendaji wa kijiji, "Bibi alikuwa mzee tu." Akifia hospitalini, huenda ikaandikwa nimonia peke yake. Kwa njia zote mbili ugonjwa uliotangulia haumo katika hesabu, na mwelekeo wa vifo vyake hauwezi kuonekana.

Wala isidhaniwe kuwa maradhi haya ni ya Ulaya tu. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 ulionyesha kwamba, baada ya kuzingatia tofauti za umri, asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia.

Je, tutumie maneno gani? "Uzee" ni umri, si ugonjwa. Mgonjwa aliyeelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906 alifariki akiwa na miaka 55 tu. "Usahaulifu" hautoshi, maana ugonjwa huharibu pia usemi na uamuzi. "Kupoteza fahamu" kumekwisha kupewa maana ya kuzirai. "Kichaa" ni jambo jingine, tena ni neno la kumvunjia mtu heshima. Hatari yake si ndogo: katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa wako wanawake wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na bibi anayetangatanga usiku akijisemea peke yake hushukiwa kwa urahisi.

Kwa hiyo inapendekezwa yafuatayo:

1. "Demensia" liwe jina la jumla, nalo lifafanuliwe kwa wananchi kuwa ni ugonjwa wa kufifia kwa akili.

2. "Ugonjwa wa Alzheimer" litumike kwa aina hiyo moja tu ya demensia, na jina la daktari lihifadhi tahajia yake.

3. "Chanzo cha kifo" kiwe ni ugonjwa ulioanzisha mfululizo wa matukio yaliyoleta mauti, ilhali "sababu ya mwisho" iwe ni ile iliyokata uhai. Katika mfano wetu, chanzo ni demensia na sababu ya mwisho ni nimonia.

Walimu na wafasiri wanaofanya kazi Kigoma na Ujiji wanaombwa kutupa maoni yao, hasa juu ya maneno ambayo wazee wa huko huyatumia kwa hali hii. Istilahi haina budi kueleweka kwa mtendaji anayeuliza na kwa jamaa anayejibu pia.