Usingizi na Kujifunza Lugha: Kwa Nini Kukesha Hakusaidii



Kila muhula unapokaribia kwisha, taa za mabweni huwaka hadi alfajiri. Wanafunzi hukesha na madaftari ya ngeli, wakijaribu kukariri kwa usiku mmoja mambo ya muhula mzima. Nasi walimu tumechangia: mara nyingi tumewasifu wanaokesha kuwa ndio wenye bidii.

Muhula uliopita, katika mtihani wa mazungumzo, tulimwuliza mwanafunzi mmoja wingi wa neno 'ulimi'. Alinyamaza, kisha akajibu 'maulimi'. Wenzake walitueleza kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, na kwamba alikuwa ameitaja orodha nzima ya ngeli ya U-ZI bila kukosea. Wiki moja baadaye alipita ofisini, na kabla hajaulizwa akasema, "Mwalimu, ni ndimi." Alama zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Je, neno lile lilikuwa limekwenda wapi? Katika makala haya tunaeleza kwa ufupi uhusiano uliopo kati ya usingizi na kumbukumbu.

Kumbukumbu hujengwaje?

Kukumbuka kuna hatua tatu: kupokea jambo, kuliimarisha, na kulitoa linapohitajika. Neno jipya hupokewa kwanza kwa msaada wa hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo. Hapo bado ni dhaifu. Tunapolala, hasa katika usingizi mzito, ubongo huyapitia tena yaliyopokelewa mchana na kuyaunganisha polepole na maarifa ya zamani. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton walionyesha jambo hili kwa panya: seli za ubongo zilizofanya kazi pamoja panya walipokuwa wakitembea zilifanya kazi pamoja tena walipolala.

Maneno ya Kiswahili katika maabara

Mwaka 2016 Stéphanie Mazza na wenzake nchini Ufaransa walichapisha utafiti unaotugusa sisi moja kwa moja, kwa sababu maneno waliyotumia yalikuwa ya Kiswahili. Watafiti wa kumbukumbu huipenda lugha yetu kwa kuwa huandikwa kwa herufi za Kilatini, na washiriki wao kwa kawaida hawaijui kabisa.

Watu wazima 40 walijifunza maneno 16 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kifaransa. Kundi la kwanza lilijifunza asubuhi na kurudia jioni ya siku hiyo hiyo. Kundi la pili lilijifunza jioni, likalala, kisha likarudia asubuhi. Muda kati ya vipindi viwili ulikuwa sawa, yaani saa 12. Waliolala walihitaji takriban nusu tu ya marudio ya wenzao ili kuyajua tena maneno yote. Baada ya wiki moja walikumbuka maneno 15 hivi, na wenzao 11 hivi. Hata baada ya miezi 6 tofauti ilionekana.

Tuzingatie jambo moja: usingizi haukumfundisha mtu yeyote neno hata moja. Walisoma kwanza, wakalala, wakarudia.

Na anayekesha?

Anayekesha hupata hasara mara mbili. Kwanza, aliyoyasoma hayapati nafasi ya kuimarika. Pili, ubongo uliochoka hupokea kidogo. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani waliwaonyesha watu picha baada ya kuwanyima usingizi usiku mmoja. Hipokampasi zao zilifanya kazi kwa udhaifu, na baadaye walizitambua picha chache kuliko waliolala, ingawa nao walikuwa wamekwisha kupewa nafasi ya kulala kabla ya kuulizwa.

Ushauri wetu

Kwa wanafunzi: someni msamiati mpya jioni, maneno machache kwa wakati mmoja. Laleni. Asubuhi, kabla ya kufungua daftari, jiulizeni maneno yale yale. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa walimu: tusitoe orodha ya maneno 60 siku moja kabla ya jaribio. Tuanze kila kipindi kwa maswali machache ya kipindi kilichotangulia, ili marudio yaje baada ya usiku mmoja au zaidi.

Tunafahamu kwamba baadhi ya wanafunzi hufanya kazi mchana, na kwamba wengine huishi katika vyumba vyenye kelele. Kwao usiku ndio wakati pekee wa kusoma. Hao hatuwezi kuwaambia walale tu. Inatupasa tupange kazi zetu mapema, ili mzigo wote usiangukie wiki ya mwisho.

Mwanafunzi wetu wa 'ndimi' hakuwa mvivu. Alisoma sana, lakini hakuupa ubongo wake usiku wa kumalizia kazi.

Tunawatakia nyote maandalizi mema, na usiku mwema.