Ufuatiliaji wa Nishati na Mitambo ya Kituo cha Afya Kutoka Mahali Pamoja

Kata ya Ibaba iko katika nyanda za juu za Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Katika kata za milimani kama hiyo, ubaridi wa hewa humfanya mtu adhani kwamba chanjo na dawa zinazohitaji jokofu haziko hatarini. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Joto huharibu dawa, lakini baridi kupita kiasi nayo huharibu. Chanjo ya Penta, chanjo ya homa ya ini aina B na chanjo ya pepopunda hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na zikiganda hupoteza nguvu. Jokofu lililorekebishwa wakati wa joto, likaachwa vilevile chumba kilipopoa, linaweza kugandisha chanjo usiku mmoja. Asubuhi barafu ikishayeyuka, chupa huonekana nzima. Alama ya rangi iliyobandikwa kwenye chupa nyingi za chanjo huonyesha athari ya joto tu, kuganda haikuonyeshi.

Madhara yake ni makubwa kuliko thamani ya chupa. Mtoto hudungwa sindano, kadi yake hujazwa, mama hurejea nyumbani akiwa na amani, kumbe mtoto hana kinga iliyokusudiwa. Hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Jokofu lilikuwa na tatizo, na halikuwa na njia ya kumwambia mtu yeyote.

Majengo ya huduma za afya yana vifaa vingi vya aina hiyo: vinavyofanya kazi kimya na kuharibika kimya. Betri za sola huchoka. Tangi la maji hukauka. Jenereta hukosa mafuta. Shinikizo la oksijeni hushuka katika mabomba. Mara nyingi kila kimoja huangaliwa na mtu wake, kwa daftari lake na kwa wakati wake. Kuunganisha mifumo ya udhibiti wa jengo ni kuziweka taarifa zote hizo mahali pamoja, ili dosari ionekane kabla haijamfikia mgonjwa.

Mfumo huo una sehemu gani

Mfumo wa udhibiti wa jengo una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, unyevu, shinikizo, kina cha maji au kiasi cha umeme unaopita. Ya pili ni vidhibiti, ambavyo hupokea vipimo na kutoa amri: washa pampu, zima kiyoyozi, anzisha jenereta. Ya tatu ni kituo kikuu, ambacho kinaweza kuwa kompyuta katika ofisi ya fundi au seva iliyo mbali, kinachokusanya taarifa, kuzihifadhi na kutoa tahadhari.

Mfumo huu usichanganywe na mifumo ya taarifa za wagonjwa. Watumishi wengi nchini Tanzania wanaifahamu GoTHOMIS, ambayo hushughulikia kumbukumbu za wagonjwa, malipo na dawa. Mfumo wa jengo hushughulikia yale yanayoiwezesha huduma hiyo kuwepo: umeme, maji, hewa, oksijeni na ubaridi. Wa kwanza hueleza kwamba dawa ipo stoo. Wa pili hueleza kama dawa hiyo ilihifadhiwa katika hali inayofaa.

Ugumu wa kuunganisha hutokana na lugha. Jenereta hutengenezwa na kampuni moja, viyoyozi na nyingine, mtambo wa oksijeni na ya tatu, na kila kampuni huweza kuvipa vifaa vyake namna yake ya kutoa taarifa. Hali hiyo haina tofauti na soko la Ileje, ambako mwenye Kindali na mwenye Kilambya huweza kufanya biashara kwa Kiswahili bila yeyote kuiacha lugha ya nyumbani kwake. Mitambo nayo ina lugha zake za sokoni, ziitwazo itifaki. Modbus ilianza kutumika mwaka 1979 katika viwanda, na hadi leo imo katika mita nyingi za umeme na jenereta. BACnet, iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya majengo, ilichapishwa mwaka 1995 na kukubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2003. Kifaa kisichojua lugha hizo huhitaji mkalimani, yaani kifaa cha kati kinachopokea taarifa kwa lugha moja na kuzitoa kwa nyingine.

Funzo la jambo hili ni la manunuzi kabla halijawa la ufundi. Hospitali inayonunua au kupokea kwa msaada mtambo uliofungwa katika lugha ya siri ya kampuni moja hujikuta ikimtegemea fundi wa kampuni hiyo kwa kila jambo. Swali moja katika hati ya zabuni, kwamba mtambo huu unatoa taarifa kwa itifaki gani iliyo wazi, huokoa fedha na usumbufu wa miaka mingi.

Umeme: kuwepo kwake na matumizi yake

Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia, Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu na Sustainable Energy for All, iliyotolewa mwaka 2023, ilikadiria kuwa karibu watu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini huhudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika au visivyo na umeme kabisa. Kwa hiyo ufuatiliaji wa nishati katika kituo cha afya hauishii katika kupunguza gharama. Swali la kwanza ni kama umeme upo panapohitajika. La pili ni unakwenda wapi.

Mita ya LUKU hujibu sehemu ndogo ya maswali hayo. Huonyesha uniti zilizobaki kwa mita nzima, lakini haitofautishi wodi ya wazazi na jiko. Mita ndogo zikifungwa kwenye kila njia ya umeme, picha hubadilika. Hita ya maji yenye nguvu ya wati 2,000, ikisahauliwa ikiwaka kwa saa 10 usiku, hutumia uniti 20. Kosa hilo likirudiwa kila usiku kwa siku 30, uniti 600 hupotea. Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 kwa dakika hutumia takriban wati 350, sawa na uniti 8.4 kwa saa 24. Uniti zilizopotea kwenye hita zingeiendesha mashine hiyo mfululizo kwa zaidi ya siku 70. Hesabu hii ikiwekwa mbele ya kamati ya usimamizi wa kituo, mjadala wa kubana matumizi huacha kuwa wa kulaumiana na kuwa wa kupanga.

Betri za sola huhitaji uangalizi wa namna yake. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha karibu volti 12.7, ikikaribia volti 12 imebakiwa na chaji kidogo. Betri inayoshushwa hadi huko kila usiku hufa mapema. Mtu anayesoma kipimo mchana, jua likiwa kali, huiona ikiwa na afya njema. Kihisi kinachorekodi usiku kucha huonyesha ukweli wiki nyingi kabla ya taa ya chumba cha kujifungulia kuzimika mkunga akiwa kazini. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya betri huonekana usiku.

Kengele bila mtu

Hatari ya mfumo uliounganishwa ni kudhani kwamba kuona ni sawa na kutenda. Kihisi kinachotuma ujumbe saa nane za usiku kwa simu iliyozimwa hakina faida. Vilevile, kengele inayolia kila jokofu linapofunguliwa huwachosha watumishi, mpaka siku ya hatari ya kweli wakaizima bila kuitazama. Ndiyo sababu vipima joto vya siku 30 vinavyotumika kwenye majokofu ya chanjo vimewekewa muda wa kusubiri. Tahadhari ya joto hutolewa pale kipimo kinapozidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Tahadhari ya kuganda hutolewa kipimo kinapofikia nyuzi 0.5 chini ya sifuri, au chini zaidi, kwa dakika 60. Muda wa pili ni mfupi kwa sababu madhara ya kuganda hayarekebishiki.

Kila tahadhari hupaswa kuwa na mambo matatu yaliyoandikwa: nani anaipokea, afanye nini kwanza, na nani apigiwe simu endapo huyo wa kwanza hapatikani. Kwa jokofu la chanjo, hatua ya kwanza baada ya tahadhari ya kuganda ni kuzitenga chupa zote na kuziwekea alama zisitumike, kisha kumjulisha mratibu wa chanjo wa wilaya. Kuzitupa kabla ya uchunguzi ni hasara. Kuendelea kuzitumia ni hatari.

Kanuni nyingine ni kwamba kituo kikuu kikizimika, vifaa vya kuokoa maisha viendelee kufanya kazi vyenyewe. Swichi inayohamisha umeme kutoka gridi kwenda jenereta isisubiri ruhusa ya kompyuta iliyo mbali. Mtandao wa simu nao unaweza kukatika pamoja na umeme. Kwa hiyo king'ora kinacholia palepale kituoni kinahitajika hata pale ujumbe wa simu unapotumika. Aidha, mfumo unaoweza kuzima mitambo ulindwe kwa nywila madhubuti na utengwe na intaneti inayotumiwa na watu wote.

Kuanzia padogo

Hospitali kubwa huweza kuwa na chumba cha udhibiti chenye skrini nyingi na mafundi wa zamu. Kituo cha afya cha kata ya mlimani hakihitaji kusubiri hayo. Kinaweza kuanza na vihisi vinne: joto la jokofu, uwepo wa umeme wa gridi, volti ya betri na kina cha maji tangini. Kifaa kimoja chenye laini ya simu hukusanya vipimo hivyo na kutuma ujumbe mfupi kwa mtumishi wa zamu, kwa mganga mfawidhi na kwa fundi wa vifaa tiba wa wilaya. Wilaya ikipokea taarifa za vituo vyake vyote katika jedwali moja, fundi mmoja huweza kupanga safari zake kwa haja: aanze na kituo ambacho betri yake inashuka, badala ya kile kilichopiga kelele zaidi.

Uchaguzi wa jokofu nao ni sehemu ya mfumo. Majokofu ya chanjo ya umeme yenye tabaka la barafu ndani ya kuta, yaliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, hutakiwa kuhifadhi ubaridi kwa angalau saa 20 bila umeme, hata chumba kikiwa na joto la nyuzi 43. Yale yanayotumia jua moja kwa moja bila betri hutakiwa kuvumilia angalau siku 3 za jua hafifu. Jokofu la nyumbani halikutengenezwa kwa masharti hayo. Kihisi huonyesha tatizo; jokofu bora humpa mtumishi muda wa kulitatua.

Daftari la mkono lisiachwe. Kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, siku za mapumziko zikiwemo, humfanya mtumishi akifahamu kifaa chake, na hutoa njia ya kuthibitisha kwamba kihisi chenyewe kinasema kweli. Vipimo viwili vikitofautiana, kimoja kina kasoro na ni lazima kitafutwe.

Nafasi ya mgonjwa na ndugu zake

Mgonjwa na anayemuuguza ni sehemu ya mfumo huu kuliko wanavyodhani. Soketi iliyo karibu na kitanda cha mtoto njiti huenda imetengwa kwa ajili ya mashine ya oksijeni. Kuchomoa plagi ili kuchaji simu, hata kwa dakika chache, kunaweza kugharimu pumzi. Ni vyema kumuuliza muuguzi mahali panaporuhusiwa kuchajia. Mzazi naye ana haki ya kuuliza, kwa heshima, kama jokofu la chanjo lilikuwa salama baada ya umeme kukatika. Mtumishi anayejua mfumo wake hatalichukulia swali hilo kama tuhuma, kwa kuwa jibu analo mkononi. Na anayetunza insulini nyumbani azingatie kanuni ileile: isiwekwe karibu na sehemu ya kugandishia, na iliyowahi kuganda isitumike hata kama inaonekana safi.

Mama anayeshuka mlimani na mtoto mgongoni hana namna ya kukagua betri wala kusoma kipimajoto. Anachokiona ni chupa ndogo mkononi mwa muuguzi. Mfumo unaounganisha jokofu, betri, mita na maji utakuwa umefanya kazi yake ikiwa muuguzi huyo, kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano, anajua kwa hakika usiku wa chupa hiyo ulikuwaje.