Meshi katika Nyumba Mpya ya Lubumbashi: Kuunganisha Ruta na Laini ya Intaneti

Ruta za meshi ni kundi la vituo viwili, vitatu au zaidi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja wa waifai, wenye jina moja na nenosiri moja. Mwenye simu akitoka sebuleni kwenda chumba cha nyuma, simu yake huhama kituo kimoja hadi kingine bila kuulizwa nenosiri upya. Kazi ya meshi inaishia hapo. Haizalishi intaneti, wala haiongezi kasi ya laini inayolipiwa. Inasambaza tu kile kilichofika mlangoni. Ndilo jambo linalosahauliwa mara nyingi na Wakongo wa Brussels, Johannesburg au Dubai wanaojenga Lubumbashi, wanaotia vifaa vya bei kubwa sandukuni kabla ya kujua nyumba itapata laini ya namna gani.

Mafundi waliijua meshi zamani, na kiwango chake cha 802.11s kilipitishwa mwaka 2011. Majumbani ilienea kuanzia 2016, eero na Google Wifi zilipoingia sokoni, ikafuatwa na Deco ya TP-Link mwaka 2017. Mwaka 2018 muungano wa Wi-Fi Alliance ulitangaza EasyMesh, mpango wa kuwezesha vifaa vya kampuni mbalimbali kuelewana. Hata hivyo vituo vya kampuni moja na toleo moja bado ndivyo vyenye amani zaidi. Kuchanganya ni kutafuta kazi isiyo ya lazima.

Laini inayofika kwenye lupango, yaani kiwanja chenye uzio, la Lubumbashi inaweza kuwa ya nyuzi za kioo, yaani faiba. Au ya redio, yenye antena ndogo juu ya paa inayoelekea mnara wa kampuni. Au kisanduku chenye kadi ya simu kinachotumia mtandao wa 4G. Au dishi la setilaiti. Hili la mwisho ni geni kisheria: mamlaka ya udhibiti, ARPTC, ilikataza vifaa vya Starlink Machi 2024 kwa kuwa kampuni haikuwa na leseni, kisha ikatoa leseni hiyo Mei 2025. Katika mitaa ambayo faiba haijapita, kisanduku cha 4G na dishi ndivyo vinavyotegemewa.

Kwa meshi, tofauti ya laini hizi si kubwa kama inavyodhaniwa. Kwa kawaida kila moja inaishia kwenye kifaa chenye tundu la kebo ya mtandao, na kituo kikuu cha meshi huchomekwa hapo. Kwenye faiba ni kisanduku kidogo cha ukutani kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na waya wake mwembamba una kichwa cha plastiki, mara nyingi cha kijani. Waya huo haupaswi kukunjwa kwa nguvu kwenye kona ya ukuta wala kubanwa na mlango, kwa sababu kioo kilichomo ndani huvuja mwanga kikipindwa mno, hata kama hakijavunjika. Fundi wa rangi anayemalizia nyumba mpya anaweza kuiharibu laini nzima kwa kuusukuma waya nyuma ya kabati. Kwa hiyo ni heri kisanduku kifungwe baada ya rangi na kabati kumalizika.

Kabla fundi wa kampuni hajaondoka, kuna swali la kumuuliza: laini inatoa anwani yenyewe, au inadai jina la mtumiaji na nenosiri? Kwenye njia ya kwanza, iitwayo DHCP, kituo kikuu huchomekwa na kupata intaneti bila maelezo zaidi. Kwenye ya pili, PPPoE, jina na nenosiri hilo lazima viandikwe ndani ya ruta; visipokuwapo, taa itabaki nyekundu hata kama kila waya uko mahali pake. Baadhi ya laini za faiba zinahitaji pia namba ya VLAN. Maelezo haya hutolewa kwa dakika moja fundi akiwa bado sebuleni. Akishaondoka, yanaweza kugharimu wiki nzima ya kupiga simu.

Sehemu inayoleta matatizo mengi zaidi ni kwamba kifaa cha kampuni mara nyingi ni ruta tayari. Kinagawa anwani kwa simu na kompyuta, na kina waifai yake. Meshi ikichomekwa nyuma yake kwa hali iliyotoka nayo dukani, nayo huanza kugawa anwani zake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Intaneti itafunguka, video zitacheza, na mwenye nyumba atadhani kazi imekwisha. Baadaye printa iliyoungwa na kifaa cha kampuni haitaonekana kwenye kompyuta iliyo kwenye meshi, na michezo ya mtandaoni itagoma. Wakati mwingine vifaa vyote viwili hutumia safu ileile ya anwani, kwa mfano 192.168.1, na hapo hata kurasa za kawaida hazifunguki, ingawa meshi nyingi za sasa hugundua mgongano huo na kuhamia safu nyingine zenyewe.

Suluhisho ni kuchagua mkubwa mmoja. Njia ya kwanza ni kukigeuza kifaa cha kampuni kiwe daraja tupu linalopitisha intaneti bila kugawa chochote, na kuiachia meshi kazi yote. Starlink ina chaguo la namna hii ndani ya programu yake, linaloifanya ruta yake ijiondoe njiani. Kwenye faiba, kazi hiyo huenda ikahitaji kampuni iifanye kutoka kwake. Njia ya pili ni kuacha kifaa cha kampuni kitawale na kuiweka meshi katika hali ya kituo cha kusambaza tu, ambayo kwenye mipangilio huitwa AP. Inapoteza baadhi ya vipengele, kama vile kuwapangia watoto saa za intaneti kupitia programu ya meshi, lakini inahitaji ujuzi mdogo na haivunji mkataba wowote. Kwa nyumba ambayo mwenyewe yuko ng'ambo na anayebaki ni mama mzazi au mdogo wake, njia ya pili ndiyo yenye busara. Katika njia zote mbili waifai ya kifaa cha kampuni izimwe, ili isishindane na meshi hewani na ili simu zisiing'ang'anie kwa mazoea.

Kuna kizuizi kimoja kinachowashangaza wengi. Baadhi ya laini hukumbuka kifaa cha kwanza kilichochomekwa na kukataa kingine. Fundi akiwa amejaribu laini kwa kompyuta yake, ruta mpya itanyimwa anwani. Tiba ni kuzima kifaa cha kampuni, kuchomeka kituo kikuu cha meshi, kusubiri dakika kadhaa, kisha kuwasha kifaa cha kampuni kwanza na meshi baada yake. Ikishindikana, kampuni iombwe kufuta kumbukumbu ya kifaa cha awali.

Kituo kikuu kikishapata intaneti, vituo vingine huongezwa kimoja kimoja kupitia programu ya simu, vikiwa karibu nacho, chumba kilekile. Vikishatambuana ndipo huchukuliwa hadi mahali pake. Hapo ndipo nyumba yenyewe ya Lubumbashi inapoingia katika hesabu. Ukuta wa matofali ya kuchoma hupunguza mawimbi, na yale ya gigahezi 5, yenye kasi kubwa, hupungua zaidi kuliko yale ya gigahezi 2.4. Zege lenye nondo ni baya zaidi. Paa la mabati halipitishi kitu, kwa hiyo kituo kilichofichwa juu ya dari ili wageni wasikione hutawanya mawimbi yake vibaya. Madirisha yenye vyuma vya kuzuia wezi, tangi la maji na kioo kikubwa cha kabati navyo vina sehemu yao. Lupango lenye nyumba kubwa mbele, vyumba vya wapangaji nyuma na kibanda cha mlinzi getini ni mahali pagumu kuliko ghorofa ya Ulaya ambamo vifaa hivi vilijaribiwa.

Kosa linalorudiwa ni kuweka kituo palepale ambapo waifai haifiki. Kituo kisichosikia hakina cha kusambaza. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mawimbi ya kituo kikuu bado yana nguvu. Tena, kwenye meshi za bei nafuu zenye bendi mbili, kituo hutumia hewa ileile kuzungumza na kituo kikuu na kuzungumza na simu, hivyo kasi inaweza kushuka hadi karibu nusu kwa kila hatua ya kurukia. Meshi yenye bendi tatu hutenga moja kwa mazungumzo ya vituo, ila bei yake hupanda.

Dawa bora kuliko zote ni kebo, na nyumba inayojengwa ina nafasi ambayo nyumba iliyokwisha kujengwa haina. Bomba la plastiki likilazwa ndani ya ukuta kabla ya plasta, kutoka sebuleni hadi kila upande, kebo ya Cat 5e au Cat 6 hupita humo na vituo vyote hupata kasi kamili ya laini. Kikomo cha kebo ni mita 100. Kebo ya shaba halisi hugharimu zaidi ya ile ya alumini iliyopakwa shaba, lakini ya pili hukatika kirahisi na hupoteza nguvu masafa yakiongezeka. Kisu kikikwangua uzi wake, weupe wa alumini huonekana. Kwenda nyumba ya nyuma kuna jambo la kuzingatia zaidi: radi. Msimu wa mvua wa Katanga, takriban Novemba hadi Aprili, una dhoruba kali, na kebo ya shaba iliyoning'inia kati ya nyumba mbili hubeba mshtuko hadi ndani ya vifaa. Ikizikwa ndani ya bomba hatari hupungua, lakini waya wa faiba ndio ulio salama, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ni mada nyingine. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikizima nyumba, laini ya faiba inaweza kubaki hai huku ruta zimelala. Kisanduku cha faiba na vituo vitatu vya meshi kwa pamoja hula takriban wati 40. Betri ya volti 12 na Ah 100 hubeba Wh 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, nusu tu ndiyo ya kutumiwa bila kuiharibu, na inverta hula sehemu yake, hivyo inabaki kama saa 12 za intaneti. Dishi la setilaiti likiongezwa, nalo likila wati 50 hadi 75, saa hizo hushuka hadi tano hivi. Kwa asiyetaka betri kubwa kuna UPS ndogo za volti 9 na 12 zinazolisha ruta moja kwa moja bila inverta, mradi volti iliyoandikwa kwenye adapta ya ruta ilingane. Umeme ukirudi kwa kishindo, stabilaiza au kizuia mshtuko ndicho kinachookoa adapta.

Vifaa vilivyonunuliwa ng'ambo vina mambo yake. Adapta yenye maandishi 100–240 V hufanya kazi Lubumbashi, ambako umeme ni wa volti 220. Yenye 120 V pekee itaungua mara ya kwanza. Plagi ya Ubelgiji huingia kwenye soketi nyingi za Kongo, ya Uingereza na ya Marekani huhitaji kiunganishi. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huenda zisione chaneli za 12 na 13 za gigahezi 2.4, kwa hiyo kuiweka meshi kwenye chaneli ya 1, 6 au 11 huondoa kitendawili cha simu moja kukosa waifai huku nyingine zote zinaipata.

Akaunti ya programu ya meshi nayo inastahili uamuzi wa mapema. Aliyeisajili ruta ndiye mwenye funguo. Mwana aliye Brussels akisajili kwa barua pepe yake, ataweza kuona vituo vipi viko hewani na kubadili nenosiri kutoka mbali, lakini aliye nyumbani hawezi lolote laini ikikatika, kwa kuwa programu nyingi zinahitaji ruhusa ya akaunti hiyo. Programu kadhaa huruhusu msimamizi wa pili. Aongezwe siku ya kwanza. Katika mipangilio ya saa, eneo sahihi ni Africa/Lubumbashi na si Africa/Kinshasa, maana mji huu uko saa moja mbele ya mji mkuu. Saa ikikosewa, ratiba ya watoto hufunga intaneti wakati usiotakiwa, na picha za kamera ya getini hubeba saa ya uongo.

Baada ya yote, jaribio hufanywa mara mbili: kwanza kwa kompyuta iliyochomekwa kwa kebo kwenye kifaa cha kampuni, kisha kwa waifai katika kila chumba. Kasi ya kwanza ikiwa ndogo, lawama si ya meshi. Lubumbashi iko mbali na bahari, na mawasiliano yake hupita masafa marefu ya nchi kavu, mengine yakivuka Kasumbalesa kuingia Zambia, kabla ya kufikia kebo za baharini. Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari katika korongo la mto Kongo yalikata kebo za WACS na SAT-3, na hakuna ruta yoyote ya nyumbani ambayo ingeweza kulirekebisha hilo. Kwenye kisanduku cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki: kuizima na kuiwasha meshi hakusaidii, na kinachobaki ni kuipigia kampuni simu ukiwa na namba ya mkataba mkononi.