Wanaogopa maji, wanasahau karatasi

Jioni, ukikaa kwenye baraza la shangazi yangu huko Kiriri, Bujumbura yote iko chini yako: mabati, michikichi, bandari, kisha ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndagala hujipanga majini kama mji wa pili. Shangazi ameitazama picha hiyo tangu alipoolewa na kupanda huku mlimani kutoka mtaa wa Buyenzi. Sasa ana miaka 66. Amestaafu ualimu, mume ametangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba anataka kusafiri kwa meli ya kitalii. Peke yake.

Habari hiyo ilishuka mlima upesi kuliko maji ya mvua. Kabla wiki haijaisha kila mtu alikuwa na neno: majirani, wapwa, mtoto aliye mbali kwenye simu. Nikaamua kuyakusanya maneno hayo na kuyapima moja moja. Nilichokiona mapema ni hiki: watu walipaza sauti pale pasipo na shida kubwa, wakanyamaza pale ilipo.

1. "Mtu wa nchi isiyo na bahari na meli wapi na wapi? Tena kwa umri huo!"

*Si kweli.* Bahari hatuna, lakini tumekaa mlangoni pa ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Nusu ya ukoo wa mtu wa Buyenzi utaikuta kwenye miji mingine ya ziwa hilo: Ujiji, Uvira, Kalemie.

Na kuhusu umri, mwulize anayelijua lile jiwe la kumbukumbu la Livingstone na Stanley huko Mugere, kusini mwa mji. Novemba 1871, wawili hao walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakapanda hadi kaskazini mwa ziwa ili kumaliza ubishi uliowachosha wataalamu wa Ulaya: mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Walifika, wakatazama, wakaona unaingia. Livingstone alikuwa na miaka 58 na afya iliyochakaa. Ni kweli makasia yalivutwa na wengine. Lakini hata kwenye meli ya leo hakuna anayemtaka shangazi apige kasia.

2. "Kwani bandari si hiyo hapo chini? Aanzie hapo."

*Si kweli.* Bandari ya Bujumbura ni ya shehena kuliko ya watalii. Kila mtu huitaja meli ya Liemba, na ina haki ya kutajwa: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Lakini njia yake inayojulikana ni Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na miaka ya karibuni imekuwa ya matengenezo kuliko ya safari. Asiipangie mtu likizo kabla ya kupata uhakika Kigoma kwenyewe.

Kilichomfurahisha shangazi ni jambo moja dogo. Kiwanda cha Meyer kilichoiunda Liemba kipo hadi leo pale Papenburg, na kazi inayokipa jina ni kuunda meli kubwa za kitalii. Kwa hiyo meli anayoiota na ile aliyoisikia tangu utotoni huenda ni ndugu wa tumbo moja.

Meli hizo hupita Mombasa na Zanzibar, ila mara nyingi hupita tu, abiria wakiwa wamepandia kwingine. Mtu wa kwetu atapandia Durban, Dubai au bandari za Mediterania kama Barcelona na Genoa. Ina maana kwamba safari ya meli inaanza na ndege, na ndege inatuleta kwenye karatasi. Tutafika huko.

3. "Atatapika njia nzima."

*Nusu kweli.* Kulewa bahari kupo, na hakuna aliyekula kiapo kwamba hakutampata. Hata hivyo watoto wa shule ndio wanaolewa zaidi, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo balaa hilo linavyopungua. Meli kubwa pia zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba.

Kilichobaki ni kuchagua chumba. Meli huyumba kama pembea: anayekaa ncha ndiye anayerushwa, wa katikati anatikisika kidogo. Chagua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Chukua na tangawizi. Dawa za kichefuchefu ziulizwe kwa daktari kwanza, kwa sababu baadhi yake humlaza mzee usingizi hadi akaanguka, na nyingine ni mbaya kwa mwenye presha ya macho au mwenye shida ya tezi dume.

4. "Meli zinazama. Umesahau MV Bukoba?"

*Hofu ni ya haki, hitimisho si kweli.* Hakuna mtu wa maziwa makuu aliyeisahau tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipokufa karibu na Mwanza. Lakini kivuko kilichojaa kupita kiasi na meli ya kitalii inayohesabu kila kichwa kwa kadi ya mlangoni ni mambo mawili tofauti.

Si kwamba meli za kitalii hazijawahi kupatwa. Costa Concordia iligonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Baada ya hapo sheria za kimataifa zilikazwa: tangu 2015, abiria wapya hufundishwa namna ya kujiokoa kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Zamani iliruhusiwa kungoja hadi saa 24. Zoezi hilo ndilo wazee wengi hulikwepa wakisema wamechoka na ndege. Shangazi hatalikwepa. Atajua jaketi okozi lake liko wapi na ngazi ipi inamfikisha kwenye mashua yake, gizani, bila miwani.

5. "Yuko peke yake, basi atalipa nusu ya wanaokwenda wawili."

*Si kweli, na hapa ndipo fedha inapopotelea.* Shangazi alikuwa ameweka mezani karatasi ya bei aliyochapishiwa na wakala. Dola 700, herufi nene. Nikamwomba avae miwani asome mstari wa chini, ule wa herufi za mchwa. Akausoma kwa sauti ya darasani: bei ni kwa mtu mmoja, watu wawili wakiwa chumba kimoja.

"Kwa hiyo mimi ni dola ngapi, mwanangu?"

"Inawezekana 1,400, shangazi. Unalipia na kitanda cha asiyekuwepo."

Alinyamaza, kisha akasema marehemu mumewe hajawahi kumgharimu kiasi hicho akiwa hai.

Ndivyo biashara hiyo ilivyo: chumba kimehesabiwa kwa wawili, na anayelala mwenyewe hutozwa nyongeza, mara nyingine hadi bei nzima ya mtu wa pili. Lakini kuna njia. Zipo meli zenye vyumba vya mtu mmoja. Norwegian Epic ilipoanza safari mwaka 2010 ilikuwa na vyumba 128 vya namna hiyo. Zipo pia tarehe ambazo kampuni hupunguza nyongeza ili kujaza meli, hasa nje ya likizo za shule. Swali la kumwuliza wakala ni moja: "Jumla yangu mimi, peke yangu, pamoja na kodi na bahashishi, ni ngapi?" Bahashishi usiisahau. Kampuni nyingi huikata kila siku, ikajikusanya kimyakimya hadi siku ya kushuka.

Na faranga zetu ziache nyumbani. Melini mtu hutumia kadi ya benki au huweka dhamana ya fedha taslimu, kwa hiyo mambo ya dola na kadi yamalizwe Bujumbura, mapema.

6. "Akishapata viza, kazi imekwisha."

*Si kweli.* Huu ndio mtego mkubwa, na katika maneno yote niliyoyakusanya hakuna aliyeutaja.

Fikiri hivi. Meli inatoka Barcelona, inagusa Tunis, inarudi Italia. Ulipoondoka kwenda Tunis ulitoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Unaporudi, unaingia mara ya pili. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha kazi. Hesabu ni hiyohiyo kwa meli inayotoka Durban ikaenda Msumbiji na kurudi, au inayotoka Dubai ikapita Oman na kurudi. Viza inayotakiwa ni ya kuingia mara nyingi, na hukaguliwa kabla hujapanda. Asiye nayo huachwa gatini, na mara nyingi fedha hairudi.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, tumezoea kuvuka mipaka kwa urahisi, na mazoea hayo ndiyo yanayotuponza. Andika kila bandari kwenye daftari, na mbele yake andika: viza ipi, kuingia mara ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na safari nayo ni mali.

7. "Kadi ya njano ya zamani imekufa, achanjwe upya."

*Si kweli.* Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha, hata kama kadi imeandikwa miaka 10. Kwa hiyo kwanza ipekue droo.

Kama hajawahi kuchanjwa kabisa, asikimbilie sindano wiki ya safari. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo. Na kwa aliyevuka miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makali, ingawa ni ndogo, ni kubwa kuliko kwa kijana. Uamuzi huo ni wa kukaa na daktari, ambaye anaweza hata kuandika barua ya kumwachilia. Kisha iulizwe nchi husika kama inaipokea.

8. "Daktari yumo melini, bima ya nini?"

*Nusu kweli.* Daktari yumo, na muuguzi, na chumba cha matibabu. Ila hulipwa, tena kwa bei ya juu, na mgonjwa mahututi hushushwa bandari inayofuata au huchukuliwa kwa helikopta. Gharama ya kumhamisha mgonjwa yaweza kumeza akiba ya ualimu wa maisha yote. Bima inayotakiwa ni ile inayotaja kwa maandishi matibabu baharini, kuhamishwa, na maradhi uliyokuwa nayo kabla. Baada ya miaka 65 au 70 bei yake hupanda. Kuficha presha ili upate nafuu ni kuinunua karatasi isiyokusaidia siku ya siku.

Dawa zake zikae begi la mkononi, katika pakiti zake zenye jina, pamoja na nakala ya cheti cha daktari. Sanduku kubwa huchukuliwa gatini na huweza kufika chumbani baada ya saa nyingi. Presha haiwezi kulisubiri sanduku.

9. "Meli itamngoja, yeye ni mzee."

*Si kweli.* Ndege ikichelewa, meli inaondoka. Afike mji wa bandari siku moja kabla. Akishuka kutembea, saa yake ifuate saa ya meli, isifuate ya simu, ambayo huweza kujibadilisha yenyewe kila nchi.

10. "Atakufa kwa upweke."

*Si kweli kwa wengi.* Wanaosema hivi hawajui upweke wa baraza kubwa lenye viti sita na mtu mmoja. Melini unaweza kuomba meza ya kukaa pamoja na wengine, na kampuni nyingi huandaa mkutano wa wanaosafiri peke yao siku za mwanzo. La kuuliza ni lugha: kampuni za Ulaya kama MSC na Costa hutumia Kifaransa pia katika Mediterania, na Kifaransa shangazi alikifundisha.

Anayeogopa bado ajipime kwa kipimo kidogo. Apande boti ya mwendo wa kasi ya Dar es Salaam hadi Zanzibar, saa mbili hivi. Au alale usiku mmoja katika meli ya New Victoria, Mwanza hadi Bukoba. Akiamka na hamu ya chai, tumbo lake limeshajibu.

Wiki iliyopita wakala alimpigia shangazi simu nikiwa barazani. Nilimsikia mtu wa upande wa pili akianza kueleza mabwawa ya kuogelea na maonyesho ya usiku. Shangazi alimwacha amalize, akavuta daftari lenye mistari aliyoipiga kwa rula, akavaa miwani.

"Vizuri," alisema. "Sasa niambie, hiyo viza ni ya kuingia mara ngapi?"